Niko na Bwana

Kanada nzima ilijua kwamba Emery Mushagalusa ana mume. Magazeti yaliandika, redio ziliuliza, na siku alipopewa tuzo ya uchekeshaji kule Toronto alipanda jukwaani akamshukuru mume wake kwanza na Mungu baadaye, mpangilio uliowaudhi watu kuliko habari yenyewe. Daktari wake wa meno alijua, na alipenda kumuuliza habari za huyo mume wakati mdomo wa Emery umejaa vyuma na hawezi kujibu. Nyumba moja tu ndiyo haikujua. Nyumba hiyo iko Bordesley Green, Birmingham, hatua chache kutoka hospitali kubwa, ina kochi lililofunikwa vitambaa vya kufuma, na ndani yake anakaa Tantine Fortunée.

Tantine ni mdogo wake marehemu mama yake Emery. Ndiye aliyemlea kule Bukavu, Kongo, akambeba mgongoni mpaka alipokuwa mzito wa kubebeka na bado akambeba. Vita vilipowatawanya, Emery na mama yake waliishia Winnipeg, Tantine akaishia Uingereza. Mama alifariki. Katika watu wote waliomjua Emery akiwa hana meno ya mbele, alibaki huyu mmoja. Sasa wewe niambie, mtu wa namna hiyo unamwambiaje jambo ambalo huenda likamfanya akate simu na asipige tena? Emery alichagua njia ya waoga wote wenye akili: hakusema uongo, ila ukweli aliuacha upite kimyakimya.

Kiswahili kilimsaidia sana. Waingereza na Wafaransa hawawezi kumtaja mtu kabla ya kumvalisha suruali au sketi. Sisi tunasema yeye. Tunasema amepika, amelala, ana mafua, anakusalimu, na mtu anaingia kwenye sentensi na kutoka bila kuulizwa kitambulisho.

"Mwenzako iko namna gani?" Tantine aliuliza kila Jumapili kwenye simu.

"Mzima. Anakusalimia sana."

"Anajua kupika?"

"Kunishinda."

"Njo muzuri," alisema, yaani ndiyo vizuri.

Tatizo ni kwamba Tantine ni fundi cherehani, anayeshonea nusu ya kanisa lake, na fundi hawezi kukaa na mkwe bila kumshonea. Akaomba vipimo. Emery, ambaye hakuwa na moyo wa kudanganya hata kwa futi kamba, akampima mume wake, Arvind, jikoni na kutuma vipimo vyenyewe. Jumapili iliyofuata simu ikaita.

"Mabega hii!" alisema Tantine. "Ni bibi wa kubeba magunia. Aksanti Mungu, hutakufa njaa."

Basi kila Krismasi blauzi za kitenge zikaanza kufika Toronto, Emery alikokuwa amehamia, za mikono ya puto, zimekatwa kwa ustadi, zikimkaa Arvind kama alizaliwa nazo. Mbili tatu alizivaa nyumbani siku za mapumziko. Zilizobaki zilikwenda kwenye televisheni, na hapo ndipo tunapofika kwenye kazi ya Emery.

Alianza kwa kusema vichekesho katika baa moja ya Winnipeg, katikati ya mashindano ya vishale, mahali ambapo watu walicheka tu pale mtu alipojichoma. Televisheni ikamwita. Akacheza dereva wa teksi mara nyingi kuliko madereva wengine walivyopata abiria. Akacheza mkimbizi. Akacheza mkimbizi mwingine. Akacheza maiti, na hiyo ndiyo nafasi pekee ambayo hakuambiwa aongeze lafudhi. Siku moja alichoka kabisa. Akaenda kwenye usaili akiwa amevaa wigi, kilemba na blauzi ya Krismasi, akakaa mbele ya wakubwa wa stesheni, akaanza kuwasema mmoja mmoja kwa sauti ya Tantine Fortunée: mashati yao hayakupigwa pasi, wake zao wanajua nini, na mbona ofisi kubwa hivi haina hata maji ya kumpa mgeni. Walicheka mpaka mmoja akatoka nje.

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa kipindi cha *Tantine Hacheki*, habari za mama wa Kikongo mwenye duka la mashine za kufulia huko Winnipeg, anayewajua wateja wake wote kwa nguo wanazoleta. Emery alikiandika, alikiongoza mara kwa mara, na alimcheza Tantine mwenyewe. Na kila mstari mzuri uliomletea tuzo aliuiba kwenye simu ya Jumapili. Tantine alijua mwanawe anavaa kama mwanamke kwenye televisheni ili wazungu wacheke, na hakuona ubaya, maana ilikuwa kazi ya ndani isiyo na baridi. Kukitazama hakuwahi. Alisema ana televisheni ya kutosha kwa majirani.

Sasa kipindi kilikuwa kinafika mwisho. Sehemu ya kufungia ilipangwa kurekodiwa Birmingham, Tantine wa kwenye hadithi akija kumtembelea dada yake, na katika onyesho la mwisho kabisa mpwa wake anamwambia kwamba ana mume. Tantine anamjibu. Halafu basi, kipindi kimekwisha, watu walie.

Anamjibu nini? Hapo skripti ilikuwa nyeupe. Arvind, ambaye ndiye mhariri wa skripti zote, alikuwa amependekeza majibu mengi na Emery aliyakataa yote. Mistari mingine aliiba. Huu hakuweza kuuiba kwa sababu Tantine hajawahi kuusema. Kulikuwa na njia moja tu ya kuupata, nayo ilikuwa kwenda Bordesley Green na kusema. Tena tusimsingizie kwamba alikwenda kwa ajili ya skripti. Skripti ilikuwa kisingizio chake. Alikuwa amechoka kumficha mtu anayempenda kwa mtu mwingine anayempenda, na bado aliogopa.

Kwenye ndege alifanya mazoezi. Neno mume lilimpiga chenga mdomoni. Nyumbani kwa Tantine hakuna aliyewahi kulitumia, mwanamke ana bwana na mwanaume ana bibi. Kwa hiyo sentensi ilikuwa hii: Tantine, siko na bibi, niko na bwana. Aliirudia mbele ya Arvind mara nyingi hadi abiria wa kiti cha mbele akageuka. Arvind alitikisa kichwa kukubali, ingawa Kiswahili chake kilikuwa cha mezani tu, cha njoo, kula, ongeza na nimeshiba.

Mlangoni ujasiri wote ukayeyuka. Tantine alifungua, mfupi, mnene, kilemba cha kijani, akamkumbatia Emery mpaka mgongo ukalia.

"Na huyu?"

"Huyu ni Arvind, Tantine. Mwenzangu... wa kazi."

"Karibu, mwenzake wa kazi. Na bibi umemuacha Canada?"

"Tutaongea, Tantine."

Mezani walimkuta Sahra, jirani na rafiki wa Tantine, Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi, akafika Birmingham kwa kuzunguka Uholanzi. Sahra anafanya kazi kwenye duka la miwani na ana tabia ya kusema anachokiona. Alileta sambusa. Tantine alipika sombe ya majani ya muhogo, samaki na bugali wa kulisha kikosi. Wakala. Arvind aliongeza mara mbili na Tantine akaanza kumpenda.

Emery aliona sasa ni sasa. Akaweka mkono mezani. Na hapo ndipo ufundi wake ulipomponza. Mchekeshaji mzoefu hukata maneno. Ukiwa na sentensi ya sehemu mbili, tupa ya kwanza, acha ya mwisho ipige. Miaka yote ya kazi ilimfundisha hivyo, na ulimi ukakata wenyewe bila kumuuliza.

"Tantine," alisema, "niko na bwana."

Tantine aliweka bakuli chini. Macho yake yakajaa machozi.

"Rudia."

"Niko na bwana, Tantine."

"Haleluya!"

Aliinuka, akazunguka meza, akamvuta Emery kifuani akilia kwa sauti. Emery naye akalia. Miaka yote ile ya woga, kumbe bure! Alilia kama mtoto, pua imezama kwenye kilemba cha kijani, huku akijiita mjinga kwa kila lugha aliyoijua.

"Niliomba," Tantine alisema. "Kila siku niliomba upate Bwana. Nilisema, ule mutoto iko peke yake mu baridi, Mungu, umupatie."

"Uliomba hivyo, Tantine?"

"Kwa magoti!"

Emery alimtazama Arvind. Arvind, aliyeona machozi na kukumbatiana, alianza kulia pia, mdomo umejaa samaki. Ni Sahra peke yake aliyekuwa amekunja uso, sambusa ikiwa imesimama katikati ya sahani na mdomo.

Tantine hakuweza kukaa na furaha peke yake. Alikwisha chukua simu na kuiweka sauti ya juu. "Pasta! Pasta Léopold! Ule mutoto wangu wa televisheni amepata Bwana!"

"Bwana asifiwe!" simu ikanguruma. "Emery, ndugu yangu! Tangu lini?"

"Ni... ni miaka minane sasa," alisema Emery, akishangaa kuona kanisa limebadilika hivi.

"Miaka munane na ulinyamaza! Mulikutana naye wapi?"

"Toronto. Kwenye sherehe ya rafiki."

"Ni kweli, Bwana anaingia popote. Na maisha imebadilika?"

"Sana, Pasta. Nimeacha hata sigara."

"Unasikia, Fortunée? Hata sigara! Jumapili atatoa ushuhuda mbele ya batu yote!"

"Yote?" Emery aliuliza kwa sauti nyembamba.

"Na bibi yako?" Tantine alimshika mashavu. "Bibi yako naye amemupokea Bwana?"

Kuna kimya ambacho wachekeshaji wanakijua, kile cha jukwaani pale unapogundua kwamba watu walikuwa wakicheka kitu kingine kabisa. Emery alikisikia.

"Fortunée," alisema Sahra, akiiweka sambusa chini polepole. "Hebu skiza. Si yule Bwana wa juu. Ni bwana wa nyumba. Ndo huyu anamaliza samaki."

Arvind, alipoona wote wamemgeukia, alitabasamu na kusema neno lake bora. "Nimeshiba."

"Allô?" ilisema simu. "Fortunée? Allô?"

Tantine alikata simu. Alimtazama Arvind, si usoni, bali chini ya shingo, kutoka kushoto kwenda kulia, jinsi fundi anavyotazama. Akanyanyua mikono hewani, akaipanua kwa kipimo anachokijua mwenyewe.

"Mabega," alisema.

Kisha akaketi. Hakuna aliyegusa chakula. Emery alikuwa anasubiri. Na aibu yake ni hii, nami siwezi kumfichia: pamoja na hofu yote ile, sikio lake moja lilikuwa limesimama likingoja Tantine aseme nini, na atasemaje, na neno la mwisho litakuwa lipi.

Tantine aliliona. Alimlea huyu.

"Ile jicho ninaijua," alisema. "Unataka kuniandika."

"Hapana, Tantine."

"Mbele ya meza yangu unataka kuniandika! Basi leo sisemi kintu. Muende."

Katika nyumba ile hakuna mgeni aliyewahi kutoka bila kufungiwa chakula, hata mkaguzi wa gesi. Siku hiyo walitoka mikono mitupu. Arvind alinyoosha mkono kuaga na mkono wake ukabaki hewani. Sahra aliwafuata mpaka mlangoni akawanong'oneza, "Mpeni muda," lakini hata yeye hakuonekana kuamini sana.

Hotelini kwao, mtaa wa Edgbaston, chini ya miti mizuri isiyo na shida na mtu, Emery aliandika onyesho la mwisho kwa muda mfupi kuliko wa kuoga. Mpwa anasema, niko na bwana. Tantine anaweka bakuli chini, machozi yanamjaa, anazunguka meza, anamkumbatia. Mwisho. Arvind alisoma, akavua miwani.

"Hii si yake."

"Ni yake. Ulimwona."

"Nilimwona akimkumbatia mtu mwingine."

"Basi niandikie wewe!" Emery alifoka, na baadaye akaomba radhi, na hawakula chakula cha jioni. Alimpigia Tantine simu. Iliita mpaka ikachoka.

Kulipokucha kikosi kizima cha kipindi kilikuwa Washwood Heath, upande mwingine wa mji, ndani ya ghala lililogeuzwa studio, jirani na pale walipokuwa wakitengeneza magari zamani. Walijenga sebule yenye kochi na vitambaa vya kufuma. Brigid, mwongozaji wa siku hiyo, mama wa Birmingham mwenye sauti ya kupita kuta, aliwaweka watu mahali pao. Emery alivaa wigi, kilemba na blauzi ya manjano. Dayib, mwigizaji kijana aliyecheza mpwa, alikaa mezani. Kamera zikaanza.

"Tantine," alisema Dayib, "niko na bwana."

Emery aliweka bakuli chini. Machozi yalikuja bila kubembelezwa. Yalikuwepo tangu jana. Alizunguka meza, akamvuta kijana kifuani. Fundi wa taa alikuwa anajifuta macho. Brigid alikunja ngumi kwa furaha.

"Bongo!" ilipasuka sauti kutoka gizani nyuma ya kamera.

Kwa Kiswahili cha Bukavu, hilo maana yake ni uongo, na lilisemwa kwa nguvu iliyoharibu sauti ya vipaza vyote. Tantine Fortunée alikuwa amesimama kati ya nyaya, koti limefungwa vifungo mpaka kidevuni, Sahra pembeni yake akiomba radhi kwa kila mtu. Mlinzi wa getini alikwisha mtazama yule mama, akatazama picha kubwa ya Emery ukutani, akadhani nyota amechelewa, akawafungulia.

Brigid alisimamisha kamera. Ila nasikia moja ilisahauliwa ikaendelea.

"Bongo mutupu," Tantine alisema akiingia katikati ya taa, akisogeza kiti kilichomzuia. Tantine wawili wakatazamana, mmoja na wigi. "Ile nilikukumbatia, ilikuwa juu ya Bwana Yesu. Haikuwa juu ya hii mambo. Umeiba na umeweka fasi ingine, pahali haikuwa."

"Tantine, nilikupigia simu..."

"Nilisikia. Sikutaka." Alivuta pumzi. "Miaka yote ile. Yeye, yeye, yeye! Na mimi niko nashona. Niko nambia kanisa yote, bibi wa Emery iko na nguvu. Ulikuwa unanicheka?"

"Hapana! Hata siku moja. Niliogopa."

"Uliogopa mimi?"

"Niliogopa utaniacha," alisema Emery, na sauti ya Tantine wa televisheni ilikuwa imemtoka yote, ikabaki ya mtoto. "Mama hayupo. Nikikukosa wewe, nani atanijua?"

Tantine alitazama pembeni. Alikagua kitambaa cha kochi la uongo, akakinyoosha, maana kilikuwa kimekaa upande. Watu zaidi ya thelathini walisimama hawajui lugha, wala hakuna aliyesogeza mguu.

"Mimi nilikasirika," alisema mwishowe. "Andika vile. Nilikasirika na mpaka sasa niko nakasirika, na sijui hii kasirani itaisha siku gani. Usiniweke mu televisheni nakumbatia batu kama haiko kweli. Pasta atasema, batu ya kanisa batasema, mimi pia niko na yangu ya kusema, na utaisikia yote, na bwana yako ataisikia."

"Ndiyo, Tantine."

"Unataka neno. Kila siku unataka neno yangu. Kwa hii siko na neno, Emery. Nilitafuta, sikuona." Alifungua kifungo cha juu cha koti, kwa kuwa taa zilikuwa zinachoma. "Niliamuka, nikavaa. Nikachukua basi, nikashuka, nikachukua ingine. Nikauliza njia. Nikakuja. Njo ile nilifanya. Kama unataka kuandika, andika ile."

Akavuta kiti cha mezani, akaketi karibu na Dayib, akaweka mkoba magotini, jinsi anavyokaa mtu ambaye hana mpango wa kuondoka karibuni.

"Nini?" Brigid aliuliza huku na huku. "Amesema nini? Mtu anitafsirie."

Emery alifungua mdomo. Mtu huyu aliyekuwa akilipwa kwa maneno, aliyewahi kumjibu waziri papo hapo mbele ya nchi nzima, alitafuta neno moja na hakulipata. Alisimama na wigi lake, machozi yanaharibu rangi iliyopakwa tangu alfajiri, akitikisa kichwa tu.

Ndipo Arvind alipotoka nyuma ya kamera, akiwa na kile Kiswahili chake cha mezani.

"Anasema amekuja," alisema.